Injini Haihukumiwi Kando ya Barabara

Kwanza, subiri ipoe.

Umesimama Mariakani, kando ya barabara ya Nairobi. Boneti ya Peugeot 504 iko wazi, mvuke unafuka kama wa sufuria ya pilau iliyofunuliwa mapema, na kila lori linalopita linakuongezea vumbi. Watu wanne wameshakuzunguka: muuza mahindi ya kuchoma, utingo wa lori lililoegeshwa ng'ambo, kijana wa bodaboda, na mzee mmoja ambaye hujui alikotokea. Hakuna aliyeinama kutazama chochote, na wote wameshakubaliana. "Hiyo imekwisha. Tia ya Toyota."

Nunua hindi. Lipakwe ndimu na pilipili, ulile mpaka ubaki na gunzi. Nakusihi ulile polepole, kwa sababu katika dakika hizo ishirini hutampigia simu muuza injini, hutaahidi pesa za kutangulizia, wala hutakubali gari livutwe hadi gereji ya binamu yake kijana wa bodaboda. Pesa nyingi zinazopotea kwenye magari ya kale hupotea papo hapo, moyo ukiwa juu na kifuniko cha rejeta kikiwa bado cha moto. Mwenye gari naye huchemka, na mtu aliyechemka hapaswi kuamua juu ya injini.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Peugeot niliyo nayo, Pijo kama tunavyoiita, ni ya marehemu Baba, ile ndefu ya nyuma yenye safu tatu za viti, iliyobeba abiria kati ya Mombasa na Malindi tangu enzi za kungoja feri ya Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Watu walijibana, kuku wakawa miguuni, na foleni ya feri ikiwa ndefu Baba aliizima injini, akainua boneti ipate upepo wa bahari. Hakuwahi kuiacha ingurume bure. Alipofariki, kaka zangu wawili walisema gari liuzwe, au angalau litiwe injini ya siku hizi lipate kutumika. Nikaomba nipewe mwaka mmoja. Mwongozo huu umetoka katika mwaka huo.

Anza kwa kujua uliyo nayo. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968 na ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Kwetu ilipokelewa vizuri kwa sababu ya dada yake mkubwa, 404, iliyokuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Baadaye 504 zikawa zinaunganishwa hapa hapa Mombasa, na pikapu zake ziliendelea kutoka hadi miaka ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walishaacha kuziunda. Injini ya petroli si kubwa: cc 1796 mwanzoni, halafu cc 1971. Lakini ndani yake mna jambo moja ambalo wale washauri wanne wa Mariakani hawakulijua, na ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Katika injini nyingi, pistoni hupanda na kushuka ndani ya tundu lililotobolewa kwenye bloki yenyewe. Tundu likilika, bloki hupelekwa kuchongwa kwa mashine, ikatiwa pistoni kubwa zaidi, na ikishachongwa mara mbili tatu hakuna nyama iliyobaki. Ya Pijo haiko hivyo. Ndani ya bloki mna slivu nne za chuma zinazoingia na kutoka kama bilauri kwenye kasha lake, na maji ya kupoza yanazizunguka moja kwa moja. Zikilika unazivuta nje, unaingiza nne mpya pamoja na pistoni zake na ringi zake, ambazo huuzwa pamoja kwa seti. Bloki haiendi kwenye mashine hata siku moja. Peugeot waliufuata mpango huu tangu 203 ya mwaka 1948, ukapita kwa 403, ukapita kwa 404, ukafika kwetu. Injini hii inaweza kufunguliwa Voi chini ya mwembe na ikafungwa ikiwa mpya.

Kwa hiyo mtu anayesema Pijo "imekwisha" kwa sababu inakula oili anasema jambo ambalo injini yenyewe inalikataa. Kula oili kwake ni kama kandambili kuisha kisigino. Swali linalotangulia mengine yote ni hili: bloki ni nzima? Bloki ikiwa nzima, una nafasi ya kuchagua. Ikiwa si nzima, umeshachaguliwa.

Lakini hata kabla ya kulifikia swali hilo, kuna vitu vidogo vinavyosingizia injini nzima, na ningekuwa na uwezo ningebandika karatasi kwenye kila gereji kuanzia Likoni hadi Lamu vikaguliwe kwanza. Kikubwa ni feni. Feni ya 504 haishikani na injini wakati wote. Inashikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata moto swichi inapeleka umeme, sumaku inashika, feni inavuta upepo, maji yakipoa, inaachia. Ni mpango mzuri unaookoa petroli. Ila waya mmoja ukikatika, au swichi ikifa, feni inazunguka kivivu na gari linachemka pale pale foleni ya Changamwe, ilhali kwenye barabara tupu halina neno. Gari linalochemka likisimama na kupoa likitembea limekosa upepo. Waya wa shilingi kidogo unalitibu, na nimewaona watu wakiuza gari zima kwa ajili ya waya huo.

Jambo la pili ni maji, na hapa nasema na watu wa pwani wenzangu hasa. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Tunayajua kwenye chai, tunayajua kwenye nywele, halafu tunayamimina kwenye rejeta kana kwamba chuma hakina ulimi. Hedi ya Pijo ni ya alumini. Chumvi huila taratibu pembezoni mwa njia za maji, mpaka siku moja gasketi inakosa mahali pa kukanyaga. Baba alikuwa na pipa chini ya mfereji wa paa, na maji ya mvua ya pipa hilo yalikuwa ya gari. Mamangu aliruhusiwa kuyachota kwa kufulia kanzu za Ijumaa tu. Siku hizi kuna dawa ya rejeta ya madukani. Itumie, na usiizimue kwa maji ya kisima.

Ukishaondoa hayo, ndipo uisikilize injini. Anza na moshi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, lakini tazama unatoka wakati gani. Teremka Mazeras bila kukanyaga mafuta, ukifika chini kanyaga. Wingu likitoka mara moja kisha likaisha, oili inapenya juu kwenye valvu, na hedi peke yake inaweza kutibiwa. Wingu likikuandama unapoupanda mlima huo huo na mzigo, ringi na slivu zimelika. Moshi mweupe mzito, usiokwisha hata injini ikishapata moto, ni maji. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi na hiyo ni kazi ya kabureta. Anayekuambia ushushe injini kwa moshi mweusi, mshukuru kwa muda wake, uondoke na gari lako. Halafu vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ama kupitia gasketi ya hedi ama kupitia sili za chini ya slivu. Taa ya oili ikipepesa injini ikiwa moto na imetulia, fikiria beringi za krenki.

Kisha pima kompresheni, na ukae hapo hapo uone inavyopimwa. Injini iwe moto, plagi zote nne zitolewe, kanyagio la mafuta libonyezwe hadi chini, stata izungushwe mpaka sindano ya geji isipande tena. Andika namba zote nne kwenye karatasi yako mwenyewe. Namba za chini kidogo lakini zinazolingana zisikutishe. Hiyo ni injini iliyozeeka kwa adabu. Kinachotisha ni tofauti. Silinda moja ikibaki chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha kidogo ienee, maana injini ya Pijo imelazwa upande kwa nyuzi 45 na oili hukimbilia chini, kisha pima tena. Namba ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

Yangu ilikuwa hivyo: ya pili na ya tatu. Na hapo ndipo ninapopaswa kukueleza kwa nini nilikuwa Mariakani.

Wiki tatu kabla ya siku ile, injini ilikuwa imefanyiwa ovahoo. Nilikuwa nimeipeleka kwenye gereji moja yenye kibao kikubwa na vijana wepesi. Waliishusha Jumatatu, wakatia slivu mpya, pistoni mpya na ringi mpya, na Jumatano jioni ilikuwa imepanda na inanguruma. Nilifurahi kwa kasi ile. Nililipa pesa zote. Kumbe ndani yake kulikuwa na kosa la upana wa karatasi.

Aliyelipata ni fundi mzee wa Changamwe aliyemjua Baba. Alikuja kwetu nyumbani kwa miguu na mfuko wa turubai: geji, bisibisi ndefu, rula ya chuma na fila geji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo gari la marehemu hili?"

"Ndilo. Wanasema injini imekwisha."

"Wameifungua?"

"La."

"Basi wamejuaje?"

Aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye bloki, akasikiliza sehemu moja baada ya nyingine kama daktari anayehamisha kipimo kifuani. Akapima kompresheni. Akatoa hedi asubuhi iliyofuata, na kabla ya kugusa kingine akazibana slivu zote nne kwa vyuma na bolti, kwa sababu hedi ikishatoka, mtu akizungusha krenki tu slivu zinaweza kuinuka zilipokaa na sili za chini zikaharibika. Kisha akalaza rula juu ya midomo ya slivu na kuniita.

"Inama utazame. Unaona mwanga?"

Niliuona. Uzi wa mwanga chini ya rula, juu ya slivu ya pili.

Mambo yako hivi. Slivu ikikaa kwenye bloki, mdomo wake lazima uchomoze juu ya uso wa bloki kwa kiasi kidogo mno, chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na zote nne zilingane. Mchomozo huo ndio unaoibana gasketi ya hedi. Chini ya kila slivu huwekwa sili, nazo huuzwa kwa unene mbalimbali ili fundi atie, apime, atoe, atie nyingine, apime tena, mpaka slivu ikae inavyotakiwa. Ni kazi ya asubuhi nzima, haionekani kwa nje, na hakuna mteja anayeisifia. Vijana wale walitia sili zilizokuja na boksi, wakafunga. Slivu ya pili ilikuwa imezama. Gasketi ikakosa wa kuibana, moto ukaila, na wiki tatu baadaye nikawa nakula hindi Mariakani huku nikiambiwa nitupe injini ambayo pistoni zake zilikuwa bado na alama za kalamu za dukani.

Ndiyo maana sasa, mtu akiniomba nimtafutie fundi wa Pijo, siulizi ana miaka mingapi kazini wala gereji yake ina mashine gani. Nawe muulize fundi tu: mchomozo wa slivu unaupima kwa kitu gani? Akikuonyesha kifaa, mpe ufunguo. Akikuambia jicho lake halikosei, mpe mkono wa kwaheri.

Injini ikiwa wazi mezani, hukumu haichukui muda. Tazama bloki: ina ufa? Konrodi imewahi kukatika ikatoboa ukuta? Pale chini slivu zinapokaa, chuma kimeliwa na kutu kiasi kwamba sili haina mahali pa kutulia? Jibu moja la ndiyo kati ya hayo linatosha kuacha. Krenki ikapimwe kwa maikromita: ikiwa imekwaruzwa huchongwa na kutiwa beringi nene zaidi, ikiwa imeshachongwa mpaka mwisho wake, utafute nyingine. Hedi iliyopinda husawazishwa, lakini alumini haina nyama ya kupunguza kila mwaka. Yangu ilikuwa na bloki safi. Pipa la Baba lilikuwa limefanya kazi yake.

Sasa niitetee Toyota, kwa kuwa inastahili. Injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, zile zilizobeba Hiace za matatu nchi nzima, zinajulikana na fundi yeyote kuanzia Lunga Lunga hadi Lodwar. Usiku wa manane Maungu utapata mtu mwenye filta yake. Vivyo hivyo TD27 ya Nissan. Mtu anayeshusha kabichi kutoka Wundanyi hadi soko la Kongowea kila alfajiri kwa pikapu ya 504, ambaye siku moja bila gari ni siku moja bila ada ya shule, akiniambia ametia 3L, nitamwambia hongera. Chombo chake ni cha kazi na kazi haingojei sili. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, badilisha bila kuona haya, wala usikubali mtu kama mimi akutie huzuni.

Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kubadilisha ni rahisi. Bei anayokutajia muuzaji ni ya injini ikiwa chini. Kuipandisha ni hadithi nyingine. Nimesema ya Pijo imelala upande. Boneti ya 504 ilichorwa chini kwa sababu hiyo. Dizeli ya Toyota imesimama wima, na ni ndefu, kwa hiyo ama sampu ikatwe na kuchomelewa upya ipishane na vyuma vya chini, ama boneti itobolewe. Injini yenyewe ni nzito kuliko ile iliyotoka, springi za mbele zikalala, na usukani ukawa wa kubishana nao. Breki za Pijo husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo usiondoke dukani bila pampu yake ya vakyumu, usije ukaikumbuka ukiteremka Mazeras. Rejeta, ekzosi, waya wa mafuta, kebo ya spidomita, vyote vinataka kutengenezwa upya.

Na bado hujafika nyuma. Katika magari mengi propela shafti iko wazi, unaweza kuikata na kuiunga ifikie giaboksi mpya. Ya 504 inazunguka ndani ya bomba lililofungwa kwa bolti nyuma ya giaboksi, na bomba hilo lenyewe ni sehemu ya kinachozuia ekseli ya nyuma isijipinde unapokanyaga mafuta. Ukitia giaboksi ya Toyota, bomba linakosa pa kushika. Sasa utafute ekseli nyingine, au fundi wa kuchomelea mwenye akili nyingi na mkono mtulivu. Hapa ndipo kazi nyingi za "siku nne tu" huwa miezi minne, gari likiwa juu ya mawe, paka wakizalia chini yake na watoto wa mtaa wakilifanya ikulu.

Halafu kuna karatasi. Namba ya injini iko kwenye logibuku, na ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe na gari likaguliwe. Kwa hiyo injini ya mtumba isiyo na stakabadhi, au ambayo mahali pa namba pamesuguliwa kwa msasa, usiiguse hata ikiwa inaimba. Na usisahau kwamba nayo ina uzee wake. Ilitoka kwenye gari la mtu huko Japani au Dubai kwa sababu ambayo hukuambiwa. Ipimwe kompresheni kabla ya kulipiwa, kama ulivyopima yako.

Kuna njia ya tatu ambayo sijui kwa nini watu huiruka. Tafuta injini ya Pijo nyingine. Pikapu iliyogongwa nyuma, ya shule iliyonunua basi, ya mjane asiyeendesha. Kwenye Kirinyaga Road jijini Nairobi wapo wanaojua zilipo. Na ikiwa roho yako yote iko kwenye dizeli, Peugeot wenyewe waliiuza 504 ya dizeli ya cc 2304: vishikio vyake vinafaa, bomba la nyuma linashika, boneti inafunga. Ni mpandikizo wa ndugu kwa ndugu, na mwili hauukatai.

Wamarekani wanabishana mjadala huu huu kwa ukali zaidi, juu ya yale magari yao ya nguvu ya miaka ya 1960, Pontiac GTO na Chevelle na Mustang. Wao wana anasa mbili tusizo nazo. Wanaweza kununua V8 ya Chevrolet mpya kabisa, ya familia iliyoanza mwaka 1955, ikaletwa nyumbani ndani ya sanduku la mbao. Na wana wanunuzi wanaosoma namba zilizogongwa kwenye bloki kwa kurunzi, na bei ya gari huporomoka wakikuta injini si ile iliyozaliwa nalo. Basi kule wengi huitoa injini ya asili, wakaifunga vizuri pembeni mwa gereji, wakatembea na mpya. Katika mengi yanayotoka kule, hilo ningeliiga bila kusita: ukibadilisha, usiuze ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipake oili, iweke juu ya mbao, iache ikungoje. Chuma chakavu hupimwa kwa kilo, na hakuna kilo zitakazokulipa bloki nzima ya 504.

Kaka yangu mkubwa, mtu wa Toyota tangu ujana wake, ana hoja moja anayoipenda. Ove Andersson alishinda Safari ya 1975 kwa 504, na timu ya Toyota aliyoiongoza ikaja kushinda Safari ya 1984, 1985 na 1986. "Hata bingwa wenu aliishia Toyota," huniambia. Ni kweli, na Jean-Pierre Nicolas naye alishinda ya 1978 kwa 504 ya V6, lakini hiyo huwa hataki kuisikia. Mimi humjibu kwamba Andersson alikwenda Toyota yeye na mfuko wake wa nguo. Hakuikata Pijo tumbo.

Uamuzi wenyewe ulifanyika sebuleni kwa Mama. Niliweka karatasi mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na kila kitu cha kuifufua: gasketi, sili za unene mbalimbali, kusawazisha hedi, oili, malipo ya fundi. Ya pili ilikuwa na kila kitu cha kubadilisha, mpaka kebo ya spidomita na ukaguzi. Kaka mdogo alizisoma zote mbili, akarudia ya pili, akanyamaza. Mama hakusoma hata moja. Aliuliza tu kama likishatengenezwa litalia vilevile, maana alizoea kumjua Baba amefika kwa mlio kabla ya taa kugeuka kona. Kitu kama hicho pia kiandike kwenye karatasi yako ikiwa unacho. Hakina bei, lakini ni sababu halali, na hulazimiki kumwelezea muuza mahindi.

Fundi mzee alitumia siku sita. Siku mbili nzima zilikuwa za slivu.

Ikishafungwa, usiikimbize. Kilomita 1000 za kwanza usiibebeshe mzigo mzito wala usiivute mwendo mmoja kwa saa nzima. Ringi mpya zinajifunza kukaa na slivu mpya. Badilisha oili mapema. Nenda nayo Kilifi, usimame darajani ununue korosho, utazame chini ya gari kama kuna tone. Urudi polepole kwa njia ile ile.

Fika nyumbani, zima, nenda kalale. Bolti za hedi zinatakiwa kukazwa tena baada ya safari ya kwanza, na haziguswi injini ikiwa moto. Amka alfajiri na spana ya kupimia. Weka kiganja juu ya hedi uhakikishe ni baridi. Anza bolti za katikati, uende ukitoka nje, moja moja, hadi ya mwisho.